Tuma jaribio kwanza, maelezo baadaye

Walimu wenzangu mnaofundisha sayansi watoto wakiwa nyumbani, hasa huku Kigoma ambako simu ni ya mama na hurudi nayo jioni kutoka sokoni: msianze na maelezo. Anzeni na kazi ya mikono, kwa ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili. Video zinamaliza bando la watu.

Mimi napenda sana kiazi mviringo. Mkubwa amkatie mtoto vipande viwili virefu, vyembamba, vinavyolingana. Kimoja kiingie kwenye kikombe cha maji matupu, kingine kwenye maji yenye vijiko vitatu vya chumvi. Kabla ya kulala, mtoto arekodi anachodhani atakikuta asubuhi. Akikosea, tafadhali usimsahihishe! Hamu ya kujua kama alipatia ndiyo itakayomwamsha akimbilie vikombe.

Asubuhi, kabla mama hajaondoka na simu, mtoto avipinde vile vipande kwa vidole. Cha maji matupu ni kigumu, ukikilazimisha kinakatika. Cha chumvi kimelegea, kinapinda bila kuvunjika. Akutumie jibu kwa sauti, na picha moja.

Hapo ndipo ueleze kwamba maji yametoka ndani ya seli za kiazi kwenda kwenye chumvi. Kisha muulize: kwa nini migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, wakitiwa chumvi hawaozi haraka? Mpe muda. Watoto wa Kibirizi na Ujiji wamewaona samaki hao tangu wadogo, na wengi watafika wenyewe kwenye jibu kwamba bakteria nao hunyang'anywa maji.