Kabla hujang'oa feni ya mkanda, soma hapa kwanza

Fundi wa gari akiionyesha feni inayopoza rejeta na kukwambia, "Hii feni ya mkanda inakula nguvu ya injini bure, tuweke za umeme," usimjibu siku hiyohiyo. Nenda nyumbani, kula, lala. Mimi nilimjibu palepale gereji, na hela niliyokuja kuitoa baadaye ingenunua klachi mpya ya feni na chenji ikabaki.

Anza na haya madogo, maana nusu ya watu wanaobadili feni shida yao haikuwa feni. Angalia maji. Angalia mkanda kama umelegea au una nyufa. Hosi ikibonyezwa iwe ngumu kiasi, isiwe tepetepe. Temostati, ile vali inayofungulia maji injini ikipata joto, iwepo na ifanye kazi. Kama fundi aliitoa "ili gari lipoe", irudishe. Rejeta iwe haijaziba ndani kwa kutu wala nje kwa vumbi na mabawa ya panzi.

Kisha jiulize gari linachemsha lini. Likichemsha barabara kuu, kwa mfano kati ya Makambako na Igawa, ukiwa kwenye 80 au 90, feni haihusiki. Kwa mwendo huo upepo wa mbele unatosha kupoza wenyewe, kwa hiyo tafuta rejeta, pampu ya maji au gasketi. Likichemsha ukiwa umesimama, au ukipanda polepole nyuma ya fuso la viazi, hapo ndipo uanze kuifikiria feni.

Mfuniko wa rejeta nauweka peke yake kwa sababu sisi wa milimani unatuhusu kuliko mtu wa Dar. Maji pwani yanachemka digrii 100. Hapa Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwenye 94 hivi, na ukifika uwanda wa juu wa Kitulo ni kama 91. Kinachokuokoa ni presha ndani ya rejeta: mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 (presha, kwa bar) unaongeza digrii 20 na kitu. Mpira wake ukichoka, ongezeko hilo unalipoteza, na huku juu hukuwa na akiba ya kuchezea. Halafu hewa yenyewe ni nyepesi. Kule Kitulo imepungua karibu robo ukilinganisha na pwani, kwa hiyo feni ileile, ikizunguka vilevile, inapitisha hewa pungufu kwenye rejeta. Fundi aliyejaribu feni zake Kinondoni na kuona zinatosha hajakudanganya, ila hajawahi kupanda Isyonje na tani moja mgongoni.

Sasa feni zenyewe. Ya mkanda inazungushwa na injini, mara nyingi ikiwa imefungwa kwenye pampu ya maji, na katikati ina klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya baridi klachi inateleza, feni inazunguka kivivu. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikipata moto, kijichuma cha mbele kinajikunja, klachi inashika, na unasikia mvumo kama lori linakuja nyuma yako. Uzuri wake ni kwamba ukipanda mlima kwa gia ya pili injini inalia, na feni nayo inalia. Mzigo unaongezeka, upepo unaongezeka. Ubaya wake ni ukisimama kwenye foleni ya Mafiati injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta: feni nayo inazunguka taratibu, hata kama joto linapanda.

Ya umeme ni kinyume chake. Haijali injini inafanya nini. Ukiwa umesimama inavuta kwa nguvu zake zote, na asubuhi ya Juni kule Makete, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu, inabaki imezima mpaka injini ipate joto. Hilo ni jambo zuri kwa dizeli. Lakini nguvu zake zina mwisho. Mlima ukizidi, haiongezi hata kidogo. Na wanaosema inaokoa mafuta wakumbuke kwamba umeme huo haudondoki kutoka mbinguni. Unatoka kwenye oltaneta, na oltaneta inazungushwa na injini ileile, kwa mkanda uleule.

Kabla hujaihukumu feni ya zamani, ipime. Zima injini ikiwa na joto, toa ufunguo, sukuma panga la feni kwa mkono. Likizunguka raundi mbili tatu lenyewe kama pangaboi la sebuleni, klachi imekufa. Likigoma kidogo na kusimama mara ulipoliachia, klachi ni nzima. Angalia pia kama mbele ya klachi kuna mafuta yaliyotapakaa kama miale na kushika vumbi. Hayo ni yale ya silikoni, yamevuja. Klachi ikifa, dawa yake ni klachi.

Hapo ndipo nilipokosea. Gari langu ni Land Cruiser ya mkonga, injini 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na makuu. Klachi ilikuwa imekufa kweli. Bei ya mpya ikanishtua, na fundi mmoja akaniambia ana feni mbili za umeme za mtumba, zimetoka kwenye gari dogo la petroli, atazifunga kabla ya adhuhuri. Alizifunga. Alipitisha vijiti vya plastiki katikati ya mapezi ya rejeta, akavuta waya hadi kwenye swichi chini ya usukani, na akaondoa lile boksi la plastiki linaloizingira feni, kwamba halina kazi tena. Nilimlipa na nikamshukuru.

Wiki iliyofuata, mwezi wa kumi, nikampakia dada yangu, mwanawe wa miaka minane, na mifuko minane ya mbolea kwa ajili ya shamba lake la viazi Matamba. Wanaojua njia hiyo wanajua: Chimala kuna joto la bondeni, halafu ghafla barabara inakunja kuelekea angani. Watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Mpwa wangu akaamua kuzihesabu zote kwa sauti.

Kwenye kona ya kumi hivi nikawasha feni. Zikavuma, nikajisikia fundi. Kwenye ishirini na kitu mshale wa joto ukapita nusu, nikasema ni mzigo, tutafika. Kumbe hapo feni zilikuwa zimeshazima, ila injini ilikuwa inalia kwa gia ya kwanza na sikuweza kusikia kwamba hazipo. Ukapanda tena. Halafu, ghafla, mshale ukaanza kushuka. Nilifurahi. Nikamwambia dada, "Unaona? Feni za umeme hizo."

"Thelathini na nne!" mtoto akaita. Kisha akasema, "Mjomba, mbona kunanukia sukari iliyoungua?"

Ilikuwa kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Mshale ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha pale kitambuzi cha joto kilipo. Kilikuwa kinaning'inia kwenye mvuke, kinapima kitu kisicho maji. Hata hivyo mshale wa kiwandani kwenye hizi Toyota ni mpole mno: unakaa katikati kwa muda mrefu, joto likipanda na kushuka, na ukianza kupanda ujue hali ilishaharibika. Injini ikaanza kugonga, ikakosa nguvu, nikaisimamisha kwenye kona.

Mzee mmoja alikuwa anashuka na punda wawili. Aliweka jiwe nyuma ya tairi kabla hata ya kutusalimia. Mimi nilishafungua boneti, nina kitambaa mkononi, nauendea mfuniko wa rejeta. "Mwanangu, hiyo usiiguse," akasema. "Kaa chini kwanza." Tukakaa karibu saa nzima. Mpaka leo mpwa wangu anabisha kwamba barabara ile ina kona thelathini na nne tu.

Silinda hedi ilipasuka. Chanzo tulikiona baada ya kuvutwa hadi Chimala: soketi ya plastiki nyuma ya swichi ilikuwa imeyeyuka, ya kahawia kama ukoko wa ugali, na waya iliyoingia humo ilikuwa nyembamba kama ya kengele ya mlangoni. Feni zenyewe zilikuwa nzima kabisa. Tulipoziunga moja kwa moja kwenye betri zilizunguka kwa furaha.

Kwa hiyo, ukiamua umeme, fuata hivi na usikubali mbadala. Feni moja kubwa inakula ampea 20 hadi 30 ikizunguka, na inapoanza inaruka mara mbili au tatu ya hapo. Umeme huo usipite kwenye swichi ya dashibodi hata kidogo. Swichi iamrishe relei (swichi inayofungwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) ya ampea 40, na relei ndiyo ilishe feni kutoka betri, kila feni na relei yake na fyuzi yake. Fyuzi ikae karibu na betri, siyo mwisho wa safari. Waya iwe ya milimita 4 za mraba kwenda juu, na ya kurudi, yaani ethi, iwe nene vilevile, ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Omba kuona oltaneta inatoa ampea ngapi. Kama ni ya 60, feni mbili pamoja na taa, waipa na mashine ya kupasha kioo zitaimaliza usiku wa mvua, na utajikuta Igoma huna betri.

Swichi ya joto iwepo, iwashe feni yenyewe bila kukungoja. Swichi ya mkono iwe nyongeza. Weka na taa ndogo inayowaka feni ikipata umeme, ingawa hata hiyo isikutulize sana, kwa sababu inaonyesha umeme umefika, haionyeshi panga linazunguka. Nunua geji ya joto ya kweli yenye namba, na kengele ya kiwango cha maji ukiweza.

Lile boksi la kuzunguka feni lisiondolewe. Bila hilo feni inavuta hewa kutoka pembeni, ambako ni rahisi, na sehemu kubwa ya rejeta inabaki bila upepo. Na vile vijiti vya kupenya kwenye mapezi ukatae. Vinasaga mirija ya rejeta kwa mtikisiko mpaka itoboke. Feni ifungwe kwenye fremu.

Ikishafungwa, iwashe na uweke karatasi mbele ya grili. Inatakiwa inase. Ikipeperuka, waya zimegeuzwa na feni inapuliza kinyume, inapigana na upepo wa barabarani. Nimeona hilo Mwanjelwa kwenye gari lililokuwa likichemsha miezi miwili. Na vidole vyako vikae mbali hata gari likiwa limezimwa, kwa sababu feni ya umeme yenye swichi ya joto inaweza kuanza yenyewe.

Kuvuka maji ndiko feni ya umeme inaposhinda waziwazi. Feni ya mkanda ikiingia kwenye maji ikiwa imeshika, mapanga yanavutwa mbele kama ya boti na yanaweza kukwangua rejeta. Watu wa Kyela na Usangu wanafunga turubai mbele ya gari na kuvuka taratibu bila kusimama. Ya umeme unaizima tu kabla ya kuingia. Ila ukitoka, iwashe. Utasahau. Andika kwenye dashibodi.

Tope la Rungwe likikauka kwenye rejeta, lioshe kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele. Ile mashine ya presha inalaza mapezi. Ukienda Ruaha wakati nyasi ni ndefu, funga chandarua mbele na ukikung'ute mara kwa mara, mbegu zinaziba kuliko tope.

Mimi nilirudisha feni ya mkanda, klachi mpya, boksi lake, na sijui kama nitakuja kuigusa tena. Gari lako likiwa la mjini, au injini yake imekingama ubavu kwa ubavu badala ya kuelekea mbele, umeme ndio wako na wala hakuna mjadala. Anayebeba mzigo kwenda Ludewa au Makete, mbali na fundi umeme, abaki na mkanda, maana mkanda ukikatika unauona kwa macho na unaubadilisha kwa spana mbili. Ukipenda, ongeza feni moja ndogo ya umeme mbele ya rejeta ya kusaidia ukisimama.

Beba lita 10 za maji hata kama una kulanti. Beba mkanda wa akiba, fyuzi, relei moja, na tochi yenye betri. Usianze kupanda saa tisa alasiri. Mwambie mtu unakokwenda, maana mtandao kule juu unakuja na kuondoka. Ukiona joto linapanda, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho hata kama mtaungua, na simama mapema. Na kipande cha gogo cha kuweka nyuma ya tairi kiwe ndani ya gari. Usitegemee mzee mwenye punda apite.