Unaanza kukusanya chupa za soda za zamani zenye lebo ya rangi? Jua kwanza wenyewe wanaongeaje

Wadau, hii ni kwa yeyote aliyepagawa na zile chupa za soda za Kimarekani zenye picha na maandishi ya rangi, za kuanzia katikati ya miaka ya 1930 mpaka 1970 na ushee, hasa nyie mlioko Marekani mnaozikuta kwenye magulio ya vitu vya zamani. Wageni wengi wanakimbilia bei wakati hata chupa waliyoshika hawajui inaitwaje, na hawa wazee wa hii kazi ukiwaandikia tu "nina chupa nzuri ya zamani, bei gani?" wanakupita kama hawajakuona. Jifunze kwanza kuielezea chupa, hasa kasoro zake, mambo ya pesa yatafuata.

Chupa zenyewe wanaziita ACL, kifupi cha Applied Color Label, wanatamka herufi moja moja, wengine wanasema tu chupa za lebo ya kupakwa. Ila usidhani ni rangi ya kopo. Ule ni unga wa kioo uliochanganywa na rangi na mafuta, unapitishwa kwenye skrini ya kitambaa vilevile wanavyoprinti tisheti, halafu chupa inaingia kwenye tanuru, joto karibu nyuzi 600, unga unayeyuka na kushikana na kioo moja kwa moja. Kila rangi ina skrini yake, kwa hiyo chupa ya rangi mbili ni kazi mara mbili, ya tatu mara tatu, ndio maana wakusanyaji wanahesabu rangi kabla ya kitu kingine na ukisema una ya rangi nne watu wanageuka. Na kama skrini ya pili haikukaa sawasawa, picha inatoka imepishana, kofia ya mtu iko pembeni ya kichwa, hiyo wanaiita chupa ya kosa na wapo wanaosaka hizo tu.

Kabla ya ACL maandishi yalikuwa yanachomoza kwenye kioo chenyewe, yametoka kwenye moldi, au wanabandika karatasi. Zile za miaka ya 1920 zenye mapambo ya mistari na maumbo yaliyochomoza zinaitwa deko, na kuna watu wa deko na watu wa ACL, wanasalimiana vizuri tu ila meza tofauti. Kitu kimoja kinachowachanganya wageni ni Coca-Cola. Chupa yao ya kiuno ilibuniwa 1915 na kampuni ya Root Glass ya kule Terre Haute, Indiana, ila maandishi meupe ya kupakwa yamekuja mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo mtu akikuletea ya maandishi meupe anasema ni ya wakati wa vita, mwambie asante na uendelee na safari yako.

Sasa sehemu za chupa, na hapa Kiswahili kinatosha kabisa: mdomo, shingo, bega, mwili, kisigino, kitako. Kisigino ni pale mwili unapokaribia chini kabla ya kukunja kwenda kitakoni, viwanda vingi vilipiga alama zao hapo. Lebo ya mbele ndiyo ina picha na jina la soda. Ya nyuma ina ujazo, viungo, na mara nyingi mji wa kiwanda kilichojaza soda, na huo mji ndio unaoamua mengi. Marekani ya wakati ule kila mji mdogo ulikuwa na kiwanda chake cha soda, wengine na soda yao wenyewe ambayo haikufika hata mji wa jirani, hizo wanaziita chupa za mtaani na kuna mtu anakusanya za jimbo lake tu, hagusi nyingine hata umpe bure. Viwanda visivyo na hela ya kuchora lebo yao vilinunua chupa za jumla zenye picha ya kawaida, ndio maana unakuta picha ileile kwenye chupa za miji tofauti.

Kitako ndio cheti cha kuzaliwa, kiangalie kabla hujafungua mdomo. Kiwanda cha kioo utakachokutana nacho sana ni Owens-Illinois, alama yao ni duara lililolala, ndani lina herufi I, na almasi imepita katikati yake. Namba ya kushoto ni tawi la kiwanda, ya kulia ni mwaka, ya chini ni moldi. Mfano ukikuta 9 kushoto na 46 kulia, chupa imetoka tawi la Streator, Illinois, mwaka 1946, basi, umemaliza. Shida inakuja pale mwaka una tarakimu moja, maana 6 inaweza kuwa 1936 au 1946, hapo angalia kama kuna kinukta baada ya namba, kinukta waliongeza miaka ya 1940 kutofautisha, na angalia neno Duraglas kwa mwandiko wa mkono, hilo limeanza 1940. Almasi ikiwa haipo, imebaki I ndani ya duara tu, uko kwenye miaka ya 1950 kuja juu. Na tafadhali usisome mwaka wa hakimiliki ulioandikwa kwenye lebo ukadhani ndio mwaka wa chupa, lebo iliyosajiliwa 1936 iliendelea kuprintiwa miaka kibao.

Tuje kwenye kasoro, hapa ndipo jina lako linajengwa au kuharibika, maana biashara nyingi inafanyika kwa picha na posta na anayenunua anategemea mdomo wako. Ushawahi kuangalia vizuri chupa ya Fanta ya kioo pale dukani kwa Mangi, ile iliyozunguka miaka kwenye kreti? Ina pete mbili nyeupe zimekwaruzika, moja begani nyingine karibu na kisigino, ni pale chupa zinaposuguana mashineni na kwenye kreti. Wakusanyaji wanaita hiyo uchakavu wa kreti, na unasema kiasi chake: mdogo, wa wastani, mzito. Chupa za kurudisha zote zinao, hakuna anayekasirika, anachokasirikia ni kuuficha. Rangi iliyofifia mpaka unaona kioo nyuma yake inaitwa mzuka. Ukungu mweupe ndani ambao hautoki kwa kuosha ni ugonjwa wa kioo, chupa ya kufukuliwa ardhini mara nyingi inao na lebo yake imekufa mng'ao, ndio maana chupa ya dari au ya stoo ina bei kuliko ya kuchimba. Kimeguko kidogo kama kichwa cha pini mdomoni wanakiita kuumwa na kiroboto, kikubwa kuliko hapo ni kimeguko kamili na useme kiko wapi, na ufa useme hata kama ni unywele. Minti maana yake haijawahi kupita kwenye kreti, mng'ao wote upo. Watu wanalitumia hilo neno hovyo sana, chupa ina pete kisiginoni mtu anaandika minti, mi nikiliona naanza kuikagua upya picha yote.

Picha za kutuma: mbele, nyuma, kitako, mdomo kwa juu, na moja umeishika dirishani mwanga upite. Taja ubaya kabla ya uzuri. Ukifanya hivyo mara kadhaa watu wenyewe wataanza kukutafuta.

Majina ya utani ni mengi ila machache yatakufikisha mbali. Pepsi ya doti mbili ni ile yenye alama mbili kati ya Pepsi na Cola, ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikabaki moja. 7UP ina mwanamke wa nguo ya kuogelea na mapovu, na hapo unahesabu mapovu kweli kweli, ya mapovu 8 ni ya zamani kuliko ya mapovu 7, na zile fupi za kahawia za mwanzo ndio zinawatoa watu jasho. Halafu kuna hilibili, yaani Mountain Dew ya kwanza kabla na kidogo baada ya Pepsi kuinunua 1964. Ni chupa ya kijani, imechorwa mtu wa milimani pekupeku na bunduki yake anamfyatulia mwenzie anayetoka mbio chooni, na nguruwe pembeni anaangalia. Soda ilianzia Knoxville, Tennessee, kwa ndugu wawili akina Hartman, na chupa za mwanzo ziliandikwa zimetengenezwa na Barney na Ally, ambao ndio hao hao. Baadaye viwanda vingine vikaweka majina ya watu wao, kwa hiyo leo kuna mtu ana rafu nzima ya chupa zinazofanana kabisa ila kila moja ina majina tofauti, na mke wake haoni tofauti yoyote, na mimi namuelewa mke.

Kuhusu kukutana na watu, Marekani kuna chama cha chupa hizi hasa, Painted Soda Bottle Collectors Association, na kuna shirikisho la wakusanyaji wa chupa za kila aina, FOHBC, la tangu 1969. Maonesho ya chupa yanafanyika kwenye majimbo mengi, ukumbi na meza tu, na mali nzuri inabadilisha mikono asubuhi wakati wauzaji bado wanapanga, kwa hiyo ukifika saa saba mchana utakuta Coca-Cola za ukumbusho wa mpira za miaka ya 1970, ambazo zilitengenezwa kwa malori na wengi humu hawazitaki. Pale mezani omba ruhusa kabla ya kushika, shika mwilini na kitakoni kwa mikono miwili, usizigonganishe, na usikosoe mali ya mzee mbele ya mteja wake. Usiulize "ya mwisho ngapi" kabla hujaitazama. Kubadilishana kunaheshimika kuliko kununua, kwa hiyo kuwa na dabo zako, yaani chupa ulizonazo zaidi ya moja. Na ukiwa na chupa za Coca-Cola au Pepsi za Kiarabu kutoka Oman au Dubai usizidharau, kuna watu wanakusanya kwa lugha.

Kuosha: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, brashi ya chupa ndani, kitambaa laini nje, uache iloweke hata ukiwa na haraka zako. Siki, ndimu, dawa ya kutoa kutu, vyote hivyo ni asidi na asidi inakula lebo, ukiwa na kutu mdomoni ipake hapo hapo tu kwa pamba na lebo isiguswe. Steliwaya usiisogeze. Rangi za zamani zina risasi ndani yake, kwa hiyo usiikwangue, usiipige msasa, na usiigeuze ya kunywea maji hata ikikupendeza vipi, na watoto wasichezee.

Kutuma kwa posta, kila chupa izungushiwe plastiki ya mapovu peke yake, boksi ndani ya boksi, na ukitikisa usisikie kitu. Ya ujazo, yenye soda yake ya zamani na kizibo, usiitume miezi ya baridi, itaganda njiani ipasuke na kulowesha wenzake wote humo ndani, subiri mwezi wa tano na umwambie mnunuzi sababu.