Vidakuzi kwenye kompyuta ya steshenari: namna ya kuondoka bila kuacha akaunti wazi

Dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu likifunguliwa, au tangazo la kazi likitoka Ajira Portal, steshenari za Dodoma hujaa, kuanzia zile za jirani na UDOM hadi za mjini. Kompyuta moja hupita mikononi mwa watu wengi kwa siku, na karibu kila mmoja huingia kwenye barua pepe yake kutafuta namba ya uthibitisho. Watu huonywa sana kuhusu vidakuzi, au kuki kama wengi wanavyoziita, kwa sababu ya matangazo yanayowafuata mtandaoni. Matangazo hayo yapo, ila kwa mtumiaji wa kompyuta ya wote hilo ni jambo dogo. La kuogopa ni kidakuzi cha akaunti alichokiacha nyuma.

Kidakuzi ni maandishi mafupi, kwa kawaida yasiyozidi baiti 4,096, ambayo tovuti hukipa kivinjari, kama Chrome au Firefox, ili kiyarudishe kila unapofungua ukurasa wake. Yalibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, kwa kuwa seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, haikuwa na njia nyepesi ya kutambua kwamba anayeomba ukurasa wa pili ndiye aliyeomba wa kwanza. Ukiandika nywila, seva huihakiki mara moja tu, kisha hukupa kidakuzi chenye namba ndefu ya siri. Tangu hapo huangalia namba hiyo, kama mtunza mizigo anayeangalia kibati na si sura ya aliyekileta. Atakayekaa kwenye kiti baada yako, kidakuzi chako kikiwepo, seva itamwita kwa jina lako.

Vidakuzi vingine huisha ukifunga kivinjari, vingine vimepangiwa tarehe ya kuisha. Chrome haikubali kidakuzi kizidishe siku 400. Usitegemee sana hivyo vya kuisha ukifunga. Kivinjari kikiwa kimewekwa kiendelee pale kilipoachwa kila kinapofunguliwa, navyo hurudi. Umeme ukikatika ghafla, vidakuzi vyenye tarehe hubaki salama kwenye diski, vikimsubiri mteja wa kesho.

Kabla ya kuanza kazi kwenye kompyuta ya watu, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Dirisha fiche la Chrome litafunguka. Kwa Firefox herufi ni P badala ya N. Vidakuzi vya humo hufutika madirisha fiche yote yakifungwa. Sisitiza hilo neno yote: la mteja aliyetangulia likiwa bado wazi, lako linashirikiana nalo vidakuzi. Kwa hiyo funga kwanza unayoyakuta, ndipo ufungue lako. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa.

Ukimaliza, fuata mpangilio huu:

1. Bonyeza kitufe cha kuondoka ndani ya kila akaunti. Hapo seva huambiwa iache kuitambua ile namba. Kufuta kidakuzi peke yake hukiondoa kwenye kompyuta, lakini upande wa seva namba inaweza kubaki hai.
2. Funga madirisha fiche yote.
3. Kama ulitumia dirisha la kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Delete, chagua muda wote, weka tiki kwenye historia na kwenye vidakuzi na data ya tovuti, kisha futa.
4. Fungua folda ya vipakuliwa ufute PDF zako, halafu usafishe na pipa la taka. Dirisha fiche haligusi faili ulizopakua, na nakala ya kitambulisho cha NIDA ikibaki pale ni hatari kuliko kidakuzi chochote.

Mwenye steshenari anaweza kuwapunguzia wateja kazi hii. Kwenye Firefox, nenda mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, uweke tiki kwenye kufuta vidakuzi kila kivinjari kinapofungwa. Kwenye Chrome, bofya picha ya wasifu juu kulia, kisha fungua dirisha la mgeni. Likifungwa, kila kitu cha kuvinjari huondoka nalo.

Simu yako mwenyewe ni habari nyingine. Hapo vidakuzi vinakusaidia, na kuvifuta kila wiki ni kujisumbua bure. Simu haitapata nafasi ya maana, maana vidakuzi ni vidogo mno. Kinachojaza ni akiba ya picha na faili, nayo ukiifuta, kurasa zitapakuliwa upya na bando litaliwa. Basi ukifuta vidakuzi kwenye Chrome ya Android, ondoa tiki ya picha na faili za akiba. Na kabla hujagusa, hakikisha nywila unazikumbuka na laini inayopokea namba za uthibitisho bado iko hewani.

Kinachofaa kuzuiwa kwenye simu ni vidakuzi vya washirika wengine, yaani vinavyowekwa na tovuti ambayo hukuifungua, mara nyingi ya matangazo. Safari, kivinjari cha Apple, huvizuia tangu 2020, na Firefox huvitenga kila tovuti na chungu chake, visisomeke kwenye tovuti nyingine. Google ilitangaza kwamba Chrome ingeviondoa, kisha ikaghairi, hivyo utavizuia mwenyewe: nukta tatu, mipangilio, mipangilio ya tovuti, vidakuzi vya washirika wengine, zuia. Malipo au video ikigoma baada ya hapo, ruhusu tovuti hiyo moja tu. Bango la kuomba ridhaa likitokea, kukataa vya matangazo kwa kawaida hakukuzuii kusoma. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini sheria haikufungii akaunti uliyoiacha wazi.

Tovuti ikikurudisha kwenye ukurasa wa kuingia kila unapoandika nywila sahihi, au ikitoa kosa namba 400 la kichwa cha ombi kuwa kikubwa mno, usifute kila kitu. Bofya alama iliyo kushoto kwa anwani, fungua vidakuzi na data ya tovuti, ufute vya tovuti hiyo pekee. Ikigoma bado, tazama saa na tarehe ya kompyuta: mashine ya zamani ambayo betri ndogo ya ubao mama imekufa hurudi miaka mingi nyuma kila umeme ukikatika, na tovuti salama hukataa hata kufunguka.

Ukikumbuka umeshafika nyumbani kwamba uliacha Gmail wazi, fungua akaunti ya Google kwenye simu, nenda usalama, kisha vifaa vyako, uchague kompyuta ile na kuondoka. Halafu badilisha nywila. WhatsApp ya kwenye kompyuta hukatwa kwenye simu yenyewe, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kifaa usichokitambua kwenye orodha hiyo, kikate kwanza, maswali baadaye.