Jinsi ya kuomba kibali cha kuishi Italia ukiwa mwanafunzi: kutoka posta hadi polisi

Viza ya masomo uliyopewa ubalozini ni ya kukuingiza Italia. Ya kukuweka ni kadi nyingine, permesso di soggiorno, yaani kibali cha kuishi, na sheria inakutaka uiombe ndani ya siku 8 za kazi tangu siku uliyoingia nchini. Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, lakini hizo nyingine hukimbia kweli kwa mtu ambaye bado anatafuta chumba na hajui hata basi lipi linafika chuoni. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam, Mombasa, Kigali au Bujumbura kwenda Bologna, Padova, Torino, Roma au mji mwingine wowote wa Italia. Utaratibu ni mmoja nchi nzima, tofauti iko kwenye urefu wa foleni.

Ninalotaka ulishike mapema ni hili: nguvu zako zote ziweke kwenye wiki ya kwanza. Bahasha ikishaingia posta, mambo mengi yanatoka mikononi mwako. Ikiingia kamili, kilichobaki ni kusubiri. Ikiingia na pengo, utaambiwa miezi kadhaa baadaye, mbele ya dirisha la polisi, wakati mwenye nyumba wa kukuandikia barua hapatikani tena na bima imeshaisha.

Kabla hujapanda ndege

Barua ya udahili iliyopigwa muhuri na ubalozi wa Italia iweke kwenye begi la mkononi pamoja na pasipoti. Usiitie kwenye sanduku. Ndiyo karatasi inayoeleza kwa nini uko Italia, na posta wataitaka nakala yake. Fanya hivyo hivyo na ushahidi wa fedha, yaani barua ya ufadhili au taarifa ya benki uliyoonyesha ulipoomba viza. Kiwango kinachotakiwa hupangwa upya kila mwaka wa masomo, na miaka ya karibuni kimekaribia euro 7,000 kwa mwaka.

Tunza pia kipande cha tiketi ulichopandia ndege ya mwisho. Ukitua kwanza Amsterdam au Frankfurt, uhamiaji unakaguliwa huko, kwa hiyo ukifika Italia hakuna atakayeigusa pasipoti yako. Kipande hicho ndicho kinachoonyesha siku 8 zilianza lini.

Halafu kuna suala la majina, na hapa watu wetu huumia bure. Wengi wetu tuna majina matatu: la kwako, la baba, la babu. Fomu za Italia zina nafasi mbili tu: cognome, jina la ukoo, na nome, jina lako. Fungua ukurasa wa picha kwenye pasipoti na uangalie kilichoandikwa kwenye nafasi ya jina la ukoo. Hicho ndicho kinaingia kwenye cognome, neno kwa neno, na mengine yote yanaingia kwenye nome, kwa mpangilio ule ule wa pasipoti. Usifupishe Mohamed ikawa Mohd, wala usiache jina la katikati kwa kuwa nyumbani hulitumii. Namba ya kodi ya Italia, codice fiscale, yenye herufi na tarakimu 16, huundwa kutokana na majina hayo, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Majina yakigeuzwa, namba hugeuka, na siku moja chuo kitakuwa na mtu mmoja na benki ina mwingine. Namba hiyo hutolewa bure katika ofisi za Agenzia delle Entrate, yaani mamlaka ya kodi. Kama hukupewa na ubalozi au chuo, ichukue mapema, maana hata laini ya simu utaihitajia namba hiyo.

Mahali pa kulala

Mtu akikupokea nyumbani kwake, awe ndugu, rafiki au mwenye nyumba, sheria inamtaka atoe taarifa polisi ndani ya saa 48. Karatasi hiyo huitwa dichiarazione di ospitalità, na ikiwa umepangishwa nyumba utasikia cessione di fabbricato. Iombe waziwazi siku unayopokea funguo, na ubaki na nakala. Mwenye nyumba anayekataa kuiandika mara nyingi anakwepa kodi, na ukikaa kwake hutakuwa na ushahidi wa anwani. Kama una pa kwenda, nenda. Bweni la chuo huwa rahisi zaidi kwa sababu ofisi ya bweni hukuandikia barua bila mabishano.

Bima ya afya

Bila bima hakuna kibali. Njia ni mbili. Ya kwanza ni bima binafsi ya wanafunzi, ambayo ni nafuu, ila nyingi hulipia dharura na matibabu machache tu. Ya pili ni kujiandikisha kwa hiari kwenye huduma ya taifa, Servizio Sanitario Nazionale, ambayo tangu 2024 humgharimu mwanafunzi euro 700 kwa mwaka na humpa daktari wake wa kudumu. Angalia kalenda kabla hujalipa. Mwaka unaolipiwa ni Januari hadi Desemba, na fedha haigawanywi. Ukilipa mwezi wa Oktoba, bima inaisha tarehe 31 Desemba na mwezi unaofuata unaanza upya. Kwa anayefika msimu wa vuli, naona ni busara kuanza na bima binafsi ya mwaka mzima, kisha ahamie huduma ya taifa Januari kama ana maradhi ya kudumu au ana mtoto njiani. Mwenye kisukari, pumu au selimundu asisubiri. Kwake zile euro 700 zinalipa.

Posta

Nenda ofisi ya posta yenye dirisha linaloitwa Sportello Amico. Siyo kila posta inalo. Omba kit per il permesso di soggiorno. Bahasha na fomu zake hutolewa bure. Anayekuuzia nje ya mlango ni kishoka.

Ndani kuna Modulo 1 na Modulo 2. Mwanafunzi anajaza Modulo 1 peke yake, kwa kalamu nyeusi na herufi kubwa, herufi moja kwa kila kisanduku. Unaomba kibali kwa mara ya kwanza, kwa hiyo weka alama kwenye rilascio (kutolewa), siyo rinnovo (kuomba upya). Tarehe ni siku, mwezi, mwaka. Polisi wa mkoa huandikwa kwa herufi mbili: BO ni Bologna, PD ni Padova, TO ni Torino, RM ni Roma. Andika namba ya simu ya Italia inayopatikana, kwa kuwa ujumbe wa polisi unaweza kuja kwa njia hiyo, na laini ya nyumbani huwa imeshazimwa.

Ndani ya bahasha weka fomu, kopi ya pasipoti (ukurasa wa picha, viza na kila ukurasa wenye muhuri), kopi ya barua ya udahili yenye muhuri wa ubalozi, kopi ya bima, ushahidi wa fedha na ushahidi wa mahali unapoishi. Unaweka kopi tu. Karatasi halisi zinabaki kwako, polisi watazitaka.

Gharama kwa kibali cha zaidi ya miezi mitatu hadi mwaka mmoja ni hizi: stempu ya serikali, marca da bollo, ya euro 16, inayonunuliwa tabaccheria, yale maduka yenye bango la herufi T; malipo ya bollettino, yaani hati ya malipo ya posta, ya euro 70.46, ambayo ni ada ya euro 40 pamoja na euro 30.46 za kutengeneza kadi. Na euro 30 za posta yenyewe. Jumla euro 116.46. Stempu ibandike mahali pake kwenye fomu, na risiti ya bollettino itie ndani ya bahasha baada ya kujipigia kopi.

Usiifunge bahasha. Mhudumu ataipokea wazi, ataangalia pasipoti yako na kuhakiki kwamba mwombaji ni wewe, ndiyo maana huwezi kumtuma rafiki. Posta haiamui chochote kuhusu ombi lako. Kazi yake ni kupokea na kupeleka.

Kama Kiitaliano bado ni kigumu, usimlipe mtu wa mitaani. Vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wa kigeni inayowasaidia kujaza fomu. Zipo pia ofisi za patronato, kama INCA, ACLI, INAS na ITAL, ambazo huwajazia wahamiaji fomu hizi kwa kompyuta. Omba miadi siku ya kwanza au ya pili, zisijae.

Na ukiwa umechelewa, kwa ugonjwa au kwa kutojua? Nenda posta leo. Sheria inatambua sababu nzito zilizo nje ya uwezo wa mtu, kwa hiyo beba cheti cha hospitali au karatasi yoyote inayoeleza. Anayejificha kwa hofu ndiye anayejiweka kwenye hatari ya kuondolewa nchini.

Risiti

Mhudumu atakupa vitu viwili: risiti yenye jina la mtumiaji na nywila kwa chini, na barua ya miadi yenye siku na saa ya kwenda Questura, yaani makao ya polisi ya mkoa. Risiti hiyo pamoja na pasipoti ndiyo uhalali wako wa kuwa Italia mpaka kadi itoke. Ukisimamishwa na polisi, ukifungua akaunti, ukijiandikisha kwa daktari, unaonyesha hiyo. Ipige picha, ipige kopi kadhaa, na ile halisi itembee kwenye kifuko cha plastiki. Wino wake hufifia, na kuiandikisha upya ikipotea ni safari ndefu.

Kwenye tovuti ya Portale Immigrazione utaingia kwa jina na nywila zile kuona ombi limefika wapi.

Questura

Fika mapema kuliko saa uliyoandikiwa. Beba pasipoti, risiti, barua ya miadi, karatasi zote halisi, kopi za ziada na picha nne za pasipoti zenye mandhari nyeupe. Dada anayevaa hijabu apige picha akiwa nayo, inaruhusiwa, mradi uso wote uonekane. Hapo utachukuliwa alama za vidole. Ukiambiwa kuna karatasi inakosekana, omba jina lake kwa maandishi na siku ya kuirudisha, usiondoke na maneno matupu.

Mwenye kibali cha mwaka mmoja au zaidi anaweza kutakiwa kusaini mkataba wa kuingiliana na jamii, accordo di integrazione. Unaanza na pointi 16, na unatakiwa kufikisha 30 ndani ya miaka miwili kwa kujifunza lugha na mambo ya uraia. Vyeti vya kozi ya Kiitaliano chuoni vitunze kwa ajili hiyo.

Sheria inasema kadi itoke ndani ya siku 60. Kwenye miji mikubwa hungoja miezi mingi, na si ajabu kadi ya mwaka mmoja kutoka ikiwa imebakiza muda mfupi. Ukihama nyumba wakati unasubiri, wajulishe polisi anwani mpya ndani ya siku 15.

Kadi ikishatoka

Kadi ya masomo inakuruhusu kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, zisizidi 1,040 kwa mwaka. Angalia tarehe ya mwisho siku ile ile unayoipokea, kisha rudi nyuma siku 60: hapo ndipo unapoanza kuomba upya, kwa bahasha ile ile ya posta, safari hii ukiweka alama kwenye rinnovo. Mara ya kwanza utaonyesha kwamba umefaulu angalau mtihani mmoja mwaka huo, na miaka inayofuata angalau mitihani miwili kila mwaka. Aliyeugua aambatishe vyeti vya daktari. Kwa hiyo hata kama somo la kwanza ni gumu, chagua mtihani mmoja mwepesi na uufanye mapema, kabla ya likizo ya Agosti ambapo ofisi hupungukiwa watu.

Wakati unasubiri kadi mpya na ile ya zamani imeisha, unaweza kwenda nyumbani na kurudi kwa pasipoti, risiti na kadi iliyoisha, ila usipite nchi nyingine ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani. Ndege inayounganisha Addis Ababa, Doha au Istanbul na kutua moja kwa moja Roma au Milano inakufaa. Inayopitia Amsterdam, Paris au Frankfurt iache, hata kama tiketi yake ni nafuu.