Kuliandaa Tangi la Samaki Kabla Samaki wa Kwanza Hajaingia

Tangi jipya linaweza kuwa na maji maangavu kiasi cha kuhesabu punje za changarawe, joto likawa sawasawa na chujio likazunguka bila kelele, na bado samaki atakayetiwa humo siku hiyo akafa kabla wiki haijaisha. Sababu yake haionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia mfululizo, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kinachobaki bila kuliwa huoza na kuongeza amonia nyingine. Ziwani au mtoni sumu hiyo huzimuliwa na wingi wa maji na kutumiwa na viumbe wengine. Ndani ya kuta nne za kioo haina pa kwenda. Kinacholiokoa tangi ni bakteria. Karibu mwaka 1890 mwanasayansi Sergei Winogradsky alionyesha, kwa utafiti wake wa udongo, kwamba kuna kundi moja la bakteria linalogeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine linalogeuza nitriti kuwa nitrati. Mambo ni hayo hayo ndani ya tangi: nitriti nayo ni sumu, kwani huingia katika damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni, ilhali nitrati huvumiliwa na samaki wengi ikiwa haijarundikana, na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara.

Kwa hiyo maandalizi yana sehemu mbili zisizolingana: kazi ya mikono, inayomalizika kwa siku moja au mbili, na kazi ya kuwakuza bakteria hao, ambayo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 8. Wauzaji wengi humwambia mteja aliache tangi lipumzike siku moja kisha arudi kuchukua samaki. Siku hiyo moja inatosha kuthibitisha kwamba kioo hakivuji na kwamba joto limetulia, lakini kuhusu amonia haisaidii chochote, kwa kuwa bakteria hawaongezeki katika maji yasiyo na chakula chao.

Anza na mahali pa kuliweka, maana tangi likishajazwa halihamishwi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo tangi dogo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo huchukua lita 54, litakuwa na kilo 54 za maji peke yake, na ukijumlisha kioo, changarawe na mawe utapita kilo 70 bila shida. Meza ya kawaida ya vitabu haikuundwa kubeba mzigo wa namna hiyo mchana na usiku. Tumia stendi imara, kisha weka pimamaji juu yake kwa urefu na kwa upana, kwa sababu tangi lililoinama hubeba shinikizo bila usawa na viungo vyake vya silikoni huumia polepole hadi siku vinapoachia. Tangi ambalo kitako chake ni kioo kitupu huwekewa mkeka mwembamba wa sponji chini yake ili punje yoyote ya mchanga iliyosahaulika isije ikapasua kioo. Lile lenye fremu ya plastiki chini huketi juu ya fremu yake bila mkeka. Liepushe na dirisha linalopigwa na jua, kwani jua hupandisha joto la maji na kuotesha mwani. Nyaya zote za umeme zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji linaloteremka juu ya waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Iwapo bado hujanunua tangi, nakushauri uchukue kubwa kadiri nafasi yako inavyoruhusu. Watu hudhani tangi dogo ni rahisi kwa anayejifunza, na ukweli ni kinyume chake: kosa dogo la chakula au la joto hupotea katika lita 100, lakini katika lita 10 huonekana siku hiyo hiyo.

Usafishaji hauna mengi. Futa kioo kwa maji matupu na kitambaa kipya, wala usitumie sabuni mahali popote, kwa kuwa mabaki yake huumiza matamvua na ni vigumu kuyaondoa yote. Tenga ndoo moja ambayo haijawahi kutiwa sabuni, na iwe ya kazi za tangi tu. Changarawe huoshwa ndani ya ndoo hiyo kidogo kidogo, ikikorogwa kwa mkono hadi maji yanayomwagwa yawe safi. Vumbi usiloliosha sasa litaelea ndani ya tangi kwa siku kadhaa.

Mawe na makombe yanahitaji uangalifu zaidi. Dondoshea matone machache ya siki juu ya jiwe kavu: likitoa povu la vipovu vidogo, lina chokaa, na likikaa majini litapandisha ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yake, pamoja na pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka maji yanapozidi kuwa na asidi. Wapo samaki wanaopenda maji ya aina hiyo, lakini asiyejua atafuga samaki gani ni afadhali aliache. Jambo hili linahusiana moja kwa moja na amonia, kwani ndani ya maji amonia huwa katika hali mbili, na ile isiyo na chaji ndiyo yenye sumu kali. Katika joto la nyuzi 25 na pH ya 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iliyopo huwa katika hali hiyo ya hatari. pH ikifika 8, kiwango hicho hupanda hadi takriban asilimia 5. Amonia ni ile ile, kipimo ni kile kile, ila sumu imezidi mara kadhaa. Vipande vya miti ya kupambia navyo vichemshwe au vilowekwe kwa siku kadhaa mpaka vizame vyenyewe. Rangi ya chai vinayoitoa haina madhara kwa samaki wengi, ingawa si kila mtu anayeipenda.

Baada ya kupanga changarawe na mawe, weka sahani juu ya changarawe na umimine maji juu ya sahani, ili mpangilio wako usichimbuke. Maji ya bomba mara nyingi huwa na klorini au kloramini, dawa zinazowekwa kuua vijidudu, nazo hazichagui kati ya kijidudu kibaya na bakteria unaowahitaji. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakiachwa wazi kwa siku moja, na hutoka upesi zaidi yakipulizwa hewa. Kloramini haitoki kwa njia hiyo. Ni lazima utumie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa ajili ya matangi, ambayo nyingi hutengenezwa kwa sodiamu thiosulfeti. Kwa kuwa mtu wa kawaida hajui ni ipi kati ya hizo mbili iliyotiwa katika maji yake, ni vyema kutumia dawa kila mara maji mapya yanapoingia.

Chujio ndilo makazi ya bakteria. Hawaishi kwa wingi ndani ya maji yenyewe, bali hujishikiza kwenye nyuso za vitu, na sponji au vipande vya kauri vilivyomo ndani ya chujio vina nyuso nyingi pamoja na maji yenye oksijeni yanayopita bila kukoma. Chagua chujio linaloweza kuzungusha maji yote ya tangi walau mara 4 kwa saa, na tangu siku utakapoliwasha lisizimwe usiku wala mchana. Hita nayo hukadiriwa kwa wati 1 kwa kila lita, ikihitajika zaidi pale chumba kinapopoa sana. Iache izame majini kwa dakika 20 au 30 kabla ya kuiwasha, na uizime kila unapopunguza maji, kwa sababu kioo chake kikiwa na moto na kikaachwa nje ya maji hupasuka. Samaki wengi wa maji yasiyo na chumvi wa nchi za joto huridhika na nyuzi 24 hadi 26.

Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza, na kifaa kinachohitajika kabla ya samaki ni seti ya kupimia maji. Nunua ile ya matone inayopima amonia, nitriti, nitrati na pH. Karatasi za kuchovya ni rahisi kutumia lakini nyingi hazipimi amonia, na bila kipimo hicho utakuwa unabahatisha.

Bakteria wanahitaji kulishwa amonia ilhali hakuna samaki wa kuitoa. Chanzo chepesi kupima ni unga wa amoniamu kloraidi: miligramu 3 hivi za unga huo kwa kila lita hutoa takriban miligramu 1 ya amonia kwa lita. Lengo la kuanzia ni miligramu 2 kwa lita, hivyo tangi letu la lita 54 litahitaji theluthi moja ya gramu. Ukitumia amonia ya maji ya kusafishia nyumba, hakikisha haina manukato, rangi wala sabuni. Itikise chupa, na ikiwa povu linabaki juu, iache. Nguvu ya amonia hizo hutofautiana, kwa hiyo tia matone machache, subiri maji yachanganyike, kisha pima kabla ya kuongeza. Itumie mahali penye hewa na usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, maana mvuke wake ni sumu kwa binadamu. Wapo wanaotupia chakula cha samaki kikaoza polepole. Njia hiyo hufanya kazi, ila huchelewa, hunuka, na haikuruhusu kujua umetia amonia kiasi gani.

Wakati wote huu washa chujio na hita, na kama hakuna mimea, zima taa ili mwani usipate nafasi. Joto la nyuzi 27 au 28 huharakisha bakteria, na kwa kuwa hakuna samaki, halimdhuru yeyote. Pima kila baada ya siku mbili na uandike. Kwa wiki nzima ya kwanza, pengine zaidi, amonia itabaki pale pale, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kwenda kununua samaki. Kisha itaanza kushuka, na nitriti itachomoza. Kila amonia inapokaribia sifuri, irudishe hadi miligramu 2, usizidishe, kwani amonia nyingi kupita kiasi huwachelewesha bakteria badala ya kuwasaidia.

Awamu ya nitriti ndiyo ndefu na yenye kuchosha. Kundi la pili la bakteria hukua polepole kuliko la kwanza, na kipimo cha nitriti kinaweza kubaki katika rangi yake kali kabisa kwa wiki mbili bila dalili ya kupungua. Kikiwa hivyo, badilisha nusu ya maji kisha upunguze kiasi cha amonia unachotia. Mambo yakionekana kusimama kabisa, pima pH kabla ya kulaumu kingine chochote. Kugeuza amonia kuwa nitriti huzalisha asidi, nayo maji laini yasiyo na akiba ya madini hushuka pH. Chini ya 6.5 kazi hupungua, na karibu na 6 bakteria huwa kama wamelala. Kubadilisha sehemu ya maji kwa kawaida huwaamsha.

Katikati ya safari maji yanaweza kuwa meupe kama yaliyotiwa maziwa kidogo. Hao ni bakteria wa aina nyingine wanaokula mabaki ya vitu vinavyooza, na huondoka wenyewe kwa siku chache. Usioshe chujio kwa ajili yao, na sponji ikija kuziba, ikamulie ndani ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba lenye klorini.

Njia ya mkato ya kuaminika ni moja: kipande cha sponji kutoka katika chujio la tangi la zamani lenye samaki wenye afya, kisafirishwe kikiwa kimelowa na kiingizwe katika chujio lako siku hiyo hiyo. Kinaweza kufupisha wiki kadhaa ziwe siku chache. Maji ya tangi la zamani, ambayo watu hugawiana kwa ukarimu mkubwa, hayasaidii sana, kwa sababu bakteria wamebaki kule kwenye sponji. Chupa za bakteria zinazouzwa madukani huweza kusaidia, lakini viumbe hai vilivyokaa rafuni kwa muda mrefu au kwenye joto huenda vimekufa, kwa hiyo hata ukizitumia, fuata kipimo chako wala si ahadi ya lebo. Mimea inayokua haraka nayo hunyonya amonia moja kwa moja, na ni msaada wa kweli ikiwa imewekewa mwanga wa kutosha.

Tangi liko tayari pale utakapotia miligramu 2 za amonia kwa lita jioni, na jioni ya kesho yake amonia na nitriti zote zisome sifuri. Rudia jaribio hilo siku ya pili ili uwe na hakika. Nitrati wakati huo itakuwa juu, kwa hiyo badilisha asilimia 70 au 80 ya maji kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini na yenye joto linalokaribiana, kisha rudisha hita kwenye nyuzi zinazomfaa samaki uliyemchagua. Ikiwa samaki hawatapatikana upesi, endelea kuwalisha bakteria amonia kidogo kila baada ya siku mbili au tatu, na usitie dozi ya mwisho ndani ya saa 24 kabla ya kuwaleta. Asubuhi ya siku yenyewe pima amonia na nitriti mara moja zaidi, na kama hata moja kati yake si sifuri, samaki wabaki walikokuwa hadi kesho.