"Isn't it hot!" si swali

Mtu akikuambia kwa Kiingereza "Isn't it hot!" usianze kumpa taarifa ya hali ya hewa. Haulizi. Anashangaa joto lilivyozidi na anataka umuunge mkono, basi.

Siri iko kwenye sauti. Ikishuka mwishoni, huo ni mshangao. Ikipanda, huenda anauliza kweli. Kwenye maandishi utaona alama ya mshangao mahali pa kiulizi, ingawa wengi hawajali.

Ukanushi usikuhadae. "Hasn't she grown!" maana yake amekua kwelikweli, wala si kwamba hajakua. Jibu fupi linatosha: "Yes, hasn't she!" au "She has!" Ukisema "No", utaonekana unambishia. Nawe ukitaka kushangaa hivyo, tumia umbo la mkato, yaani "Hasn't", kwa sababu "Has she not grown!" inasikika kama hotuba ya zamani.

Cha kuchekesha ni kwamba hata ukiuondoa ukanushi, maana haigeuki. Wamarekani hasa hupenda kusema "Am I hungry!" wakimaanisha njaa inawauma vibaya sana. Hapo hakuna haja ya kujibu, mpe chakula.