Kabla ya Kushika Bisibisi: Diski ya Kompyuta Inapogonga

Kompyuta ikianza kupiga kelele, watu huizima na kuiwasha mara tano mfululizo, au huipiga kofi ubavuni. Yote mawili yaache. Anza kwa kuhakikisha kwamba mwenye kelele ni diski kweli. Feni iliyojaa vumbi huvuma au hukwaruza, na sauti yake hupanda mashine inapopata moto. Diski hufuata kazi, si joto. Fungua folda yenye picha nyingi, usikilize kama sauti inabadilika. Na kama kompyuta yako inatumia SSD (diski ya chipu) peke yake, tafuta mchawi mwingine: SSD haina kitu kinachozunguka ndani.

Si kila sauti ni msiba. Ndani ya diski ya kawaida (hard disk) kuna sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuzigusa, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, tena mara maelfu. Mchakacho mdogo wakati wa kazi ni kawaida. "Ta" moja mashine ikiwa imetulia huwa ni kichwa kinarudi mahali pake pa kupumzikia. Mluzi usiokatika mara nyingi ni beringi inayochoka. Cha kuogopa ni "ta, ta, ta" yenye mwendo mmoja kama saa ya ukutani: kichwa kinatafuta njia, kinashindwa, kinarudi, kinajaribu tena. Ukisikia mkwaruzo wa msumari kwenye sufuria, zima papo hapo na usiwashe tena. Kichwa kinachubua sahani. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data, na bei yao si ya mchezo.

Diski ya nje inayogonga huenda ina njaa ya umeme tu. Badilisha waya, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha sikiliza upya kabla hujaanza kulia.

Sasa maandalizi yenyewe ya kunakili faili. Tafuta diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, na uandike kwenye karatasi, kwa mpangilio, faili ambazo huwezi kuzipata tena popote: picha za marehemu babu, tasnifu, hesabu za duka. Filamu zikae mwisho. Piga na hesabu ya muda: kupitia USB 2, GB 500 huchukua saa nne au zaidi hata diski ikiwa nzima, kwa hiyo hakikisha laptopu ina chaji na usianze saa ambayo umeme wa mtaani kwenu huwa na tabia ya kukatika. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya data ya Windows, tafuta mapema ule ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48.

Usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kabla ya kunakili. Inaichosha diski iliyo mahututi, na ikirekebisha makosa inaandika juu yake. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Tazama idadi ya sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu zilizohamishwa na zile zenye shaka zinazosubiri, maana namba inayopanda kati ya leo na kesho ni habari mbaya. Lakini usilewe na neno "nzima": diski huweza kufa ikiwa na cheti safi. Kunakili kukikwama, wanaotumia Linux wana programu ya ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kurudia mbovu baadaye.

Ule ushauri wa kuiweka diski kwenye friza uache hukohuko ulikousikia. Ikitoka, unyevu hugeuka matone juu ya sahani. Na mfuniko wake usiufungue chumbani. Chembe moja ya vumbi inatosha kuharibu.

Ukiamua kwenda kwa fundi, mwambie kwa maandishi kwamba unataka data, si "nitengenezee kompyuta." Mimi nilisema hilo la pili. Fundi akapiga Windows upya, mashine ikarudi nyepesi kama mpya, na picha za harusi ya dada yangu zikawa zimekwenda. Na akibadilisha diski, ile ya zamani idai, hata kama amekuambia imekufa: huenda faili zako bado zimo.